Maswali ya Wajenzi: Msanifu majengo hupunguza gharama wapi hasa?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: je, msanifu majengo ni gharama nyingine juu ya gharama za ujenzi, au ndiye wa kuzipunguza? Tumechagua zile zenye kiini. Hesabu tumezifanya kwa vipimo na idadi ya vifaa, si kwa fedha. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo zidisha mwenyewe kwa bei ya huko uliko.

SWALI: Fundi ninayetaka anijengee ana ramani nyingi kwenye simu yake na ameniambia nichague niipendayo, bure. Ndugu zangu wananiona mfujaji kwa kufikiria msanifu majengo. Ataniokolea nini ambacho fundi hawezi?
*Mwenye kiwanja cha mteremko*

JIBU: Ulivyojitambulisha umeshajibu nusu ya swali. Ramani iliyomo kwenye simu ya fundi ilichorwa kwa ajili ya kiwanja kingine, na mara nyingi mchoraji alichukulia kuwa ardhi ni tambarare. Tuseme nyumba ina mita 15 kwa 8, yaani mita za mraba 120, na ardhi inashuka mita 1 kila baada ya mita 10. Ukiilaza upande mrefu ukifuata mteremko, sakafu ya ncha ya chini itakuwa mita 1.5 juu ya ardhi, na kifusi cha kujazia ndani ya msingi kitakuwa na kina cha wastani cha mita 0.75. Hizo ni mita za ujazo 90. Igeuze nyumba hiyohiyo ili upande mrefu uukinge mteremko: tofauti inabaki mita 0.8, na kifusi mita za ujazo 48. Umeokoa mita za ujazo 42, na hakuna chumba kilichopungua hata sentimita. Hapo bado hujahesabu ukuta wa msingi uliofupika, wala kwamba kifusi hupungua kinaposhindiliwa, hivyo cha kununua ni kingi kuliko kilicho kwenye hesabu.

Tena kina cha kifusi si suala la malori tu. Kifusi hushindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ikinyunyiziwa maji kiasi. Wakikutana na kina cha mita moja na nusu, mafundi wengi hujaza chote kwa mkupuo, wakashindilia juu juu, wakamwaga jamvi, yaani sakafu ya zege. Mvua zikishanyesha msimu mmoja miwili kifusi kinatitia, jamvi linabaki halina kinachoushikilia upande wa chini, linapasuka, na vigae vinafuata. Kurudia sakafu hiyo hakumo kwenye bei ya ramani ya bure.

Baada ya ardhi, tazama umbo. Nyumba ya mstatili ya mita 12 kwa 10 ina mzunguko wa mita 44. Nyumba ya umbo la herufi L, yenye pande ndefu za mita 14 na 12 na kona iliyokatwa ya mita 8 kwa 6, ina eneo lilelile la mita za mraba 120, lakini mzunguko wake ni mita 52. Mita 8 za ukuta wa nje zimeongezeka. Kwa kimo cha mita 3 hizo ni mita za mraba 24 za ukuta: takriban matofali 230 ya sentimita 45 kwa 22.5 ukihesabu na yanayovunjika, na mita za mraba 48 za plasta na rangi kwa pande mbili. Chini yake kuna mita 8 za mtaro wa msingi na zege lake. Juu yake kuna mita 8 za lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Hatusemi herufi L ni kosa. Huenda inakupa ua wenye kivuli, au inakwepa mti usiotaka kuukata. Ila mwenye nyumba aijue bei ya ile kona kabla hajaipenda.

Paa hufuata umbo. Kila kona inayoingia ndani huzaa mfereji juu ya paa, pale miteremko miwili inapokutana. Maji ya pande mbili humiminikia hapo, na bati zinazoishia humo hukatwa mshazari, vipande vinavyobaki vikakosa kazi. Nyumba za siku hizi zenye vipaa vitano vinavyopishana upande wa mbele zinapendeza kwenye picha. Kwa anayepaua ni mifereji minne ya kuzibwa kwa uangalifu, na kwa mwenye nyumba ni sehemu nne za kuchunguza kila mvua. Mwinuko nao una hesabu yake. Kwa nyuzi 15 unahitaji bati kwa asilimia 3.5 zaidi ya eneo linalofunikwa, kwa nyuzi 30 asilimia 15.5, kwa nyuzi 45 asilimia 41. Vigae vya paa hudai mwinuko mkubwa, bati la migongo huridhika na mdogo, na kila mtengenezaji hutaja kiwango chake cha chini. Msanifu huchagua kifuniko kwanza, ndipo achore mwinuko. Kwenye ramani za simuni mwinuko huchaguliwa na macho.

Kuna pia vipimo vinavyolingana na vifaa, jambo linaloonekana dogo kwenye karatasi. Tofali la kimo cha sentimita 22.5, pamoja na sentimita 1.5 za mchanganyiko wa kujengea, hufanya kozi ya sentimita 24. Kozi 12 ni mita 2.88, kozi 13 ni mita 3.12. Mchoro ukisema mita 3.00 kamili, fundi atapasua matofali kozi nzima au atanenepesha mchanganyiko, na vyote viwili ni hasara. Chumba kikiwa mita 3.60 kwa 4.20 baada ya plasta, vigae vya sentimita 60 huingia 42 bila kukata kitu, ukiacha mistari ya grauti. Kifanye mita 3.70 kwa 4.30, na kila safu itadai kipande chembamba cha sentimita 10, kile kile kinachovunjika mikononi mwa fundi wakati wa kukata. Mteremko wa paa wenye mita 3.15 mahali ambapo bati zinauzwa kwa mita 3 unakulazimisha kuunga bati na kupoteza sentimita 15 au zaidi kwenye mlalio. Sentimita chache za kubanwa kwenye ukingo wa paa zingetosha kumaliza jambo hilo.

Je, fundi mzuri hayajui haya? Mengi anayajua. Lakini analipwa kujenga kilichopo kwenye karatasi, na anayelipwa kwa idadi ya matofali hana sababu ya kukuonyesha ukuta usiohitajika.

SWALI: Msanifu niliyezungumza naye anataka asilimia ya gharama ya ujenzi. Nyumba ikiwa ghali, naye anapata zaidi. Sasa apunguze gharama ili iweje?
*Mwenye mashaka*

JIBU: Shaka yako ni halali, na msanifu anayekasirika ukimuuliza hivyo hafai. Kulipana kuna njia tatu za kawaida: asilimia ya gharama, kiasi maalumu, au saa za kazi. Kwa nyumba ya kuishi ambayo ukubwa wake unajulikana tunapendelea kiasi maalumu, kigawanywe kwa hatua: mchoro wa awali, michoro ya kibali, michoro ya ujenzi, usimamizi. Hatua ikikamilika na kukabidhiwa ndipo ilipwe. Kama ni lazima iwe asilimia, iandikwe kwamba inakokotolewa kutoka bajeti mliyokubaliana mwanzoni. Saruji ikipanda bei, malipo yake yasipande nayo.

Nawe umtajie bajeti ya kweli. Wengi huificha wakidhani wakiitaja itatumika yote. Msanifu asiyejua kikomo huchora nyumba isiyojengeka, kisha mnalipia kuchora upya. Au, na hili ndilo hutokea zaidi, mnaanza kujenga hivyo hivyo na boma linasimama kwenye lenta miaka nenda rudi, nondo zikila kutu. Toa kwanza asilimia 10 ya fedha uliyonayo, iweke pembeni kwa yasiyotarajiwa, umtajie iliyobaki. Humo kumbukeni pia yale yasiyoonekana kwenye picha ya nyumba: vibali, kupima udongo, kuunganisha maji na umeme, shimo la maji taka, uzio, njia ya gari. Haya hayazingatiwi mpaka siku yanapodaiwa.

Ulizia idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei. Mawili au matatu katika mchoro wa awali yanatosha familia nyingi. Yasipoandikwa, kila “hebu tusogeze hapa” inageuka ugomvi. Ulizia na haki ya michoro, maana mara nyingi unacholipia ni ruhusa ya kujenga nyumba moja, si kuwagawia jamaa.

Njia moja ya kumpima: mwambie fedha yako haitoshi nyumba unayoitaka, usikilize anaanzia wapi. Anayeuliza nani analala wapi na chumba gani hukaa bila mtu siku nzima, huyo anatafuta mita za kupunguza. Korido ya mita 1.2 kwa 9 inakula mita za mraba 10.8, asilimia 9 ya nyumba ya mita 120, na hakuna anayeishi humo. Anayeanza kwa kukupunguzia ubora wa bomba na nyaya hajui fedha ziko wapi.

SWALI: Tunajenga ghorofa moja. Fundi mkuu anasema mchoro una nondo za milimita 12 lakini kwa usalama tuweke 16, na jamvi la juu liwe sentimita 20 badala ya 15. Si bora kuzidisha kuliko kupunguza?
*Baba wa familia*

JIBU: Tupime kwanza. Nondo ya 12 ina uzito wa kilo 0.89 kwa mita, ya 16 ina kilo 1.58. Nondo nzima ya mita 12 ni kilo 10.7 dhidi ya 19. Ukibadilisha bila kupunguza idadi, unanunua chuma zaidi kwa asilimia 78. Jamvi la mita za mraba 120 likitoka sentimita 15 hadi 20, zege linaongezeka mita za ujazo 6. Kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hizo ni takriban mifuko 38 ya saruji ya kilo 50. Jamvi hilo limekuwa zito zaidi kwa tani 14 na ushee, na tani hizo lazima zibebwe na boriti, nguzo na msingi uliopigiwa hesabu ya mzigo mdogo.

Usalama wenyewe haupo. Nondo zikibanana, kokoto hazipiti. Zege linabaki na matundu kuzunguka chuma, unyevu unaingia, kutu inaanza. Ili zege lipite, vibarua huongeza maji, na maji ya ziada ndiyo hasa hupunguza nguvu ya zege. Mnakuwa mmenunua chuma kingi na kupata zege dhaifu.

Kinachopunguza nondo kwa halali ni mpangilio wa kuta na nguzo, na huo ni uamuzi wa msanifu kabla mhandisi hajagusa hesabu. Nguvu ya kupinda ndani ya boriti hukua kwa mraba wa nafasi inayovukwa. Kutoka mita 4 hadi 6, kwa mzigo uleule wa kila mita, kupinda kunakuwa mara 2.25, kubonyea kwa boriti ya ukubwa uleule kunakuwa mara 5. Sasa tazama ramani nyingi za ghorofa: sebule ya mita 6 isiyo na nguzo, na juu yake ukuta wa matofali wa chumba cha kulala uliosimama katikati ya jamvi bila ukuta chini yake. Boriti nene zinatoka hapo. Sogeza ukuta wa juu sentimita 60 ukae juu ya wa chini, na boriti moja inafutika kabisa.

Hesabu ya nondo ni ya mhandisi wa miundo, wala msanifu asijifanye mhandisi. Anayekuambia nyumba ya ghorofa haihitaji mhandisi, achana naye. Kama fundi wako anaona mchoro una upungufu mahali fulani, apige picha, amwonyeshe mhandisi, na jibu lije kwa maandishi. Huenda ana hoja. Na kama msingi haujachimbwa, chimbeni kwanza mashimo mawili matatu ya majaribio, kina cha mita 2 hivi, mhandisi auone udongo. Mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka hudai msingi wa aina nyingine, na nondo nene za jamvi hazitasaidia kitu.

SWALI: Nataka kila chumba kati ya vinne kiwe na choo chake, na jiko liwe upande wa pili kabisa ili harufu isifike sebuleni. Msanifu anakataa kuvitawanya. Nyumba ni ya nani?
*Mama mwenye nyumba*

JIBU: Nyumba ni yako, mama, na vyoo vinne unaweza kuwa navyo. Anachopinga ni mabomba. Bomba la maji machafu la milimita 110 hulazwa kwa mteremko wa karibu 1 kwa 40. Kila mita 12 linashuka sentimita 30. Choo kilicho kona ya mbali, mita 20 kutoka chemba ya mwisho (kisima kidogo cha kukagulia bomba), kinakulazimisha kufika hapo nusu mita chini zaidi ya ulikoanzia, na shimo la maji taka nalo linashuka kiasi hicho. Kila kona ya bomba inataka chemba. Maji ya moto nayo yanasafiri: bomba refu hukaa na maji yaliyopoa, ambayo kila asubuhi unayamwaga ukisubiri ya moto.

Msanifu anaweza kuvipanga vyoo viwili viwili migongo ikigusana, ukuta mmoja ukibeba mabomba ya pande zote mbili, na cha juu kikae juu ya cha chini. Vinne vinabaki vinne, lakini njia za maji machafu zinakuwa mbili badala ya nne. Harufu ya jiko huondolewa kwa dirisha upande upepo unakotokea na tundu la kutolea upande unakokwenda, pamoja na mlango unaofungika. Umbali peke yake hausaidii. Upepo ukiwa unavuma kutoka jikoni kuelekea sebuleni, mita 10 zitapitwa tu.

Usikubali kitu kimoja: bomba la maji machafu lipite chini ya sakafu ya chumba cha kulala bila sehemu ya kulifikia. Likiziba, vigae vitavunjwa.

SWALI: Tayari najenga, tuko kwenye matofali kozi ya nane. Kila wiki tunabadilisha kitu. Nitajuaje ni wakati gani nimechelewa kubadilisha?
*Mjenzi asiyetulia*

JIBU: Hapa ndipo fedha nyingi huvujia kuliko kwenye umbo na paa pamoja, maana mabadiliko hulipwa mara tatu: kujenga, kubomoa, kujenga tena. Kusogeza mlango kwenye mchoro ni kazi ya dakika chache. Baada ya lenta ni kubomoa ukuta, kuziba uwazi wa zamani, kuweka lenta ndogo mpya, kupiga plasta upya pande mbili, na kuhamisha swichi iliyokuwa karibu na mlango. Ufa wa wima utajitokeza pale tofali jipya lilipokutana na la zamani, hasa kama hayakufumwa.

Amua kwa mfuatano huu. Kabla ya jamvi: mahali pa kila choo, sinki, bomba la kuogea na mashine ya kufulia, maana mabomba yake yanazikwa, pamoja na bomba tupu la kupitishia waya wa umeme unaoingia na la maji kutoka tangini. Kabla ya lenta: upana na kimo cha kila dirisha na mlango, na matundu ya viyoyozi kama vitakuwepo. Wewe uko hapa. Kaa na familia wiki hii, mpitie kila dirisha. Kabla ya plasta: soketi, swichi, taa za ukutani, mabomba ya maji ya ndani. Simama ndani ya kila chumba, panga kitanda na kabati kwa chaki sakafuni, ndipo uweke alama za soketi. Zilizo nyuma ya kabati ni waya uliopotea. Kabla ya vigae: milango inafungukia wapi na sakafu ya bafu inashukia wapi. Sakafu ya bafu iwe chini kidogo ya ya chumba, na tofauti hiyo iachwe tangu kwenye jamvi. Ukiikumbuka siku ya vigae utaipata kwa kuinua sakafu ya nyumba nzima.

Aina za madirisha pia zipunguze. Nyumba yenye vipimo tisa tofauti vya madirisha haina mvuto wowote zaidi ya ile yenye vitatu, ila fundi wa alumini anabaki na vipande vingi, na kioo kimoja kikivunjika lazima kikatwe kipya kwa kipimo chake. Michoro kamili huwa na jedwali la milango na madirisha: namba, upana, kimo, aina, idadi. Kama yako haina, liandae hata sasa.

SWALI: Nina uwezo wa kulipia michoro tu. Usimamizi nitafanya mwenyewe jioni nikitoka kazini. Kuna ubaya?
*Mfanyakazi*

JIBU: Ubaya ni kwamba ukifika jioni zege limeshamwagwa. Badala ya usimamizi wa kila siku, kubaliana na msanifu wako matembezi machache ya kulipiwa moja moja: siku ya kupima na kuchora nyumba juu ya ardhi, kabla ya zege la msingi, kabla ya jamvi, mabomba yakiwa wazi, kabla ya zege la lenta, kenchi (fremu zinazobeba paa) zikiwa zimesimama bila bati, na kabla ya plasta. Baada ya kila moja kati ya hizi, kinachofuata hufunika kilichotangulia. Kosa la siku ya kupima nyumba juu ya ardhi ndilo zito zaidi. Ulalo wa kona hadi kona kwa pande zote mbili lazima ulingane. Kwa nyumba ya mita 12 kwa 10 kila ulalo ni mita 15.62. Ukitofautiana kwa sentimita 10, kila kigae na kila bati litakukumbusha.

Kwenye michoro usikubali kurasa za sura ya nyumba tu. Dai ramani ya kiwanja yenye viwango vya ardhi, ramani ya sakafu kwa skeli ya 1:50 au 1:100 yenye vipimo vyote, angalau mikato miwili (michoro inayoonyesha nyumba kana kwamba imekatwa wima), ramani ya paa, umeme, maji safi na maji taka, majedwali ya milango na madirisha, michoro ya mhandisi, na michoro mikubwa ya 1:10 au 1:20 ya sehemu zinazovuja: ukingo wa paa, ukuta unaokutana na paa, kizingiti cha dirisha. Ukipenda paa lililofichwa nyuma ya ukuta, mchoro wa ukuta unaokutana na paa ndio wa kuugharamia kuliko yote. Huko nyuma maji hayana pa kukimbilia jani moja likiziba tundu, kwa hiyo kila upande uwe na tundu la pili la dharura, juu kidogo ya la kwanza.

SWALI: Akiba inaishia siku ya kuhamia?

JIBU: La. Kwenye maeneo ya joto dirisha kubwa linalotazama magharibi linakuletea jua la jioni, na kwa kuwa jua hilo liko chini, ukingo wa paa haulizuii hata uwe wa mita moja. Utalipia kiyoyozi kila mwezi kwa dirisha ulilolilipia mara moja. Msanifu huweka huko stoo, bafu au ngazi, na vyumba vya kukaa huvipa madirisha pande mbili zinazokabiliana ili hewa ipite. Kwenye baridi hesabu inageuka: jua hukaribishwa ndani na hewa hudhibitiwa.

SWALI: Wakandarasi watatu wamenipa bei kwa ramani moja. Wa kwanza amezidi wa tatu kwa karibu nusu. Nimchukue wa tatu?
*Mteja*

JIBU: Bado hujui kama wamekupa bei ya kitu kimoja. Mwombe msanifu, au mkadiriaji majenzi, aandae mchanganuo mmoja wa kazi na vifaa wenye idadi tayari, na wote watatu wajaze bei tu. Bila huo, mmoja amehesabu tangi la maji na mwingine hakulihesabu. Mmoja ameweka vigae hadi juu bafuni, mwingine hadi mita 1.5. Ukishaupata, tazama mstari kwa mstari. Bei ya chini mno ya kuchimba msingi au kujaza kifusi maana yake utaombwa nyongeza wiki ya pili. Bei kubwa mno ya msingi na ndogo ya umaliziaji maana yake anataka fedha mapema. Akiondoka katikati, kazi iliyobaki haitamalizika kwa fedha iliyobaki.

Malipo yafuate kazi iliyopimwa na kukubaliwa na msanifu, si tarehe. Zuia sehemu ya kila malipo, asilimia 5 hadi 10 kwa kawaida, itolewe baada ya kipindi cha kurekebisha kasoro, ambacho nacho kiwe kirefu kiasi cha kupitiwa na msimu mmoja wa mvua.

SWALI: Nataka kujenga banda la kuku na ukuta wa uzio. Niite msanifu?

JIBU: Hapana. Banda anaweza fundi. Uzio wa kawaida pia, mradi mpaka umethibitishwa na mpima ardhi na ukuta uwe na nguzo kila mita 3 hivi. Ila kama ukuta huo utazuia udongo wa upande wa juu usiporomoke, huo si uzio tena. Mwite mhandisi, na uache matundu ya kutolea maji chini yake.